Soko Lililoungua na Kodi Isiyozaliwa Bado

Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Rwanda ilileta helikopta kusaidia kuzima moto, lakini mali ya wachuuzi, mingine ikiwa ya mkopo, ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Katikati ya mji pakabaki pengo.

Fedha za kujenga upya mahali kama hapo hutoka wapi? California ilibuni njia moja mwaka 1952. Kwanza hupimwa kodi ya eneo lililochakaa. Mathalani, faranga milioni 10 kwa mwaka. Mji hukopa, hujenga. Thamani ya viwanja ikipanda na kodi ikafika milioni 25, zile 10 huendelea na kazi zake za kawaida, na 15 zilizozidi hulipa deni.

Hesabu tamu, ila ina mwiba: kodi isipopanda, mkopeshaji hangoji. Huko Chicago ongezeko hilo huweza kufungiwa miaka 23, na wenye kutetea shule wamelalamika sana. Mchuuzi wa nyanya naye ana lake. Soko likipendeza, pango la kibanda hupanda, na huenda aliyeunguliwa ndiye atakayeshindwa kurudi.