Tangawizi ya Kichefuchefu Imepimwa

Anayetoka Sumbawanga kwenda Muze hupitia Ntendo, kisha huteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mwenye tumbo jepesi hupewa kipande cha tangawizi atafune kabla ya kona hazijaanza. Mjamzito wa mimba changa naye huambiwa na mama mkwe au wifi achemshe tangawizi, anywe asubuhi.

Ushauri huo umepimwa. Mwaka 2001, watafiti wa Thailand waligawa wajawazito 70 katika makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, jingine vidonge vya kufananisha visivyo na dawa, na hakuna aliyejua kapewa nini. Miongoni mwa waliofuatiliwa hadi mwisho, 28 kati ya 32 wa tangawizi walipata nafuu. Upande wa pili ni 10 kati ya 35. Hata hivyo, siku ya nne, 12 kati ya wale 32 walikuwa bado wanatapika. Hiyo ndiyo picha halisi ya dawa hii: hupunguza, haikomeshi. Mwaka 2012, utafiti mkubwa wa Marekani kwa wagonjwa 576 wa saratani ulionyesha kwamba gramu nusu hadi moja kwa siku, pamoja na dawa za hospitali, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza ya matibabu.

Ukali unaousikia ulimini hutokana na jinjeroli, na tangawizi inapokaushwa sehemu yake hugeuka kuwa shogaoli. Katika maabara, kemikali hizi huzuia serotonini isiamshe vipokezi vya utumbo vinavyopeleka ubongoni ishara ya kutapika. Gramu 1 ya unga ni kama nusu kijiko cha chai. Ukizidisha, kiungulia hukufuata. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

Udongo wa kula siuweki kundi moja na tangawizi, ingawa wajawazito wengi huutafuna kwa sababu hiyohiyo ya kichefuchefu. Uchunguzi wa udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita ulikuta madini ya risasi na aseniki, na sumu hizo humfikia mtoto tumboni.

Mjamzito ambaye hata maji hayakai tumboni, anayekojoa mkojo mchache wa rangi ya chai, ameshapita kiwango cha tangawizi, anahitaji dripu. Kule bondeni kuna joto na mbu kuliko huku juu, kwa hiyo kutapika pamoja na homa kupimwe malaria siku hiyohiyo. Na kukija na kuharisha kwa majimaji, hasa kipindupindu kinapovuma vijijini kando ya ziwa, mgonjwa aanze kunyweshwa ORS kidogo kidogo akiwa njiani kwenda zahanati, bila kusubiri sufuria ya tangawizi ichemke.