MAJI YANAENDA WAPI?

Mambo ya kujua kabla hujamlipa fundi wa gari la dizeli linalochemka

Mwezi huu naacha hesabu na imla kidogo, tuongee kuhusu gari. Usigeuze ukurasa ukisema, "Mimi sina gari." Hata mimi sina. Lakini nani kati yetu hajapanda gari kuukuu la dizeli kutoka Kigali, likachemka mlimani, wote tukashuka na watoto mgongoni? Tena siku hizi zipo familia zilizochanga pesa zikanunua pikapu ya kazi. Gari kama hilo likifa, nyumba tatu zinakosa sabuni na daftari siku moja.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye na majirani wawili wana Hilux ya zamani ya dizeli. Ilifika wakati kila asubuhi anaongeza maji kwenye rejeta, karibu lita mbili, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaangalia kwa macho tu, akasema, "Mzee, hedi imepasuka. Tafuta pesa ya hedi nyingine." Pesa aliyoitaja ilikuwa zaidi ya akiba yote ya zile nyumba tatu. Mjomba hakulala usiku ule.

Siku chache baadaye tulikuwa tunatoka Kigali kurudi Karongi. Tulipovuka daraja la Nyabarongo na kuanza kupanda Ruyenzi, mshale wa joto ukapanda hadi karibu na nyekundu. Halafu ghafla ukashuka. Mjomba akafurahi, "Mungu mkubwa, imepoa yenyewe!" Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma akagonga bodi: "Baba, simama, huku kunanuka kuungua!" Tukasimama. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Kile kidude kinachopima joto lazima kiguse maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Yule mama ndiye aliyeokoa gari.

Tukalikokota kurudi Gatsata, kule kwenye magereji karibu na Nyabugogo. Fundi tuliyempata ni kijana. Hakukimbilia spana. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, maji yanaenda wapi?"

KWA NINI HUKU GARI LINACHEMKA UPESI

Darasani tunafundisha kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli usawa wa bahari, kama Mombasa au Dar es Salaam. Kigali iko juu zaidi ya mita 1,500, na huko maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachookoa gari ni kofia ya rejeta. Kofia inabana presha ndani, na maji yenye presha hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Juu ya kofia nyingi kuna namba, 0.9 au 1.1. Mpira wa kofia ukichakaa, gari linaweza kuchemka na injini yenyewe haina ugonjwa. Ukinunua nyingine, namba iwe ileile inayotakiwa na gari lako.

MAJI YANA NJIA TATU

Njia ya kwanza ni NJE. Gari likiwa baridi, angalia mipira yote ya maji, kingo za rejeta, na chini ya pampu ya maji. Kulanti ikikauka inaacha alama nyeupe au ya kijani kama chumvi. Gusa zulia la miguuni kwa abiria: likiwa na unyevu na harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, asubuhi tone litakuonyesha mahali.

Njia ya pili ni JUU, yaani maji yanachemka na kutoka kama mvuke. Hapa tazama kofia, mkanda wa feni kama umelegea, na rejeta kama imezibwa na matope au kutu. Tazama na thermostati. Wengi wanaitoa na kuitupa. Si vizuri, dizeli haipendi kufanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta na kuchakaa. Ipime kwanza: iweke kwenye maji ya moto, izame. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maji yakichemka na yenyewe imebana, hiyo imekufa. Tumia kopo la kutupa, usitumie sufuria ya chakula.

Njia ya tatu ni NDANI, na ndiyo tunayoiogopa. Gasketi ya hedi imeungua (mafundi wengi wa Kigali wanaiita kwa Kifaransa, joint de culasse) au hedi yenyewe ina ufa. Dalili zake: oili imekuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata gari likishapata moto, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha gari likiwa baridi. Jaribio ni hili: gari likiwa baridi kabisa, fungua kofia, jaza maji, mwambie mtu awashe. Povu likija mfululizo bila kukoma, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo kweli hedi ifunguliwe, na kabla ya kuirudisha ipimwe kama imepinda au ina ufa. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa.

KIJANA WA GATSATA ALIFANYAJE

Alisubiri injini ipoe. Akafunga pampu ndogo ya mkono yenye saa kwenye mdomo wa rejeta, akajaza presha mpaka namba ya kofia. Tukakaa. Baada ya dakika kama kumi mshale wa saa ukawa umeshuka. Akamulika tochi nyuma ya injini: mpira mdogo wa kwenda kwenye hita ulikuwa na ufa, maji yanatoka kama uzi. Gari likiwa baridi ule ufa unajifunga. Likipata moto, maji yanarukia bomba la moshi na kukauka palepale, ndiyo maana chini hakukuwa na tone. Akapima povu pia, hakuna. Mjomba alilipia mpira, klipu mbili na kofia mpya. Ile hedi "iliyopasuka" ndiyo inayotembea mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu, fundi akikuambia "hedi", muulize kwa heshima: "Umepimaje, fundi wangu?" Fundi mzuri hakasiriki, atakuonyesha.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Gari likichemka, lisimamishe na kulizima. Mtu yeyote asifungue kofia ya rejeta kabla haijapoa kabisa, hata saa nzima mngoje. Maji yale yanaruka usoni na kuchoma vibaya sana. Watoto wakae mbali. Usimwagie maji baridi injini ya moto, hedi inaweza kupasuka.

Na hili tafadhali lisomwe kwa sauti nyumbani: kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Usiimwage mahali watoto wanachezea au mbuzi wanapita. Mtoto akiinywa hata kidogo, mkimbize kituo cha afya mara moja, usingoje dalili.

Mjomba sasa anafungua kofia kila asubuhi kabla ya kuwasha, anachungulia, anafunga. Maji yako palepale. Ananiambia, "Mwalimu, leo nimelala."