Kutoka Darasa la Awali hadi Kidato cha Kwanza 2028: Mzazi Afahamu Nini

Na Mwandishi Wetu

Mzazi anayemwandikisha mtoto wake darasa la awali hivi sasa anamwingiza katika mfumo tofauti na ule alioupitia yeye. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya lazima ni ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, ikitanguliwa na mwaka mmoja wa elimu ya awali.

Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa kwa ngazi hizo ulianza Januari 2024 katika darasa la awali, la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao waliowatangulia ambao watamaliza la saba. Kwa hiyo, Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Madarasa, madawati na walimu wa kuwapokea ni lazima vipatikane kabla ya siku hiyo.

Hata hivyo, mzigo mzito zaidi uko chini, kwa watoto wa miaka mitano. Mtoto wa umri huo hawezi kutembea kilomita nyingi wala kuvuka korongo peke yake msimu wa mvua. Mzazi humsubirisha nyumbani hadi apate nguvu, naye huanza darasa la kwanza akiwa amechelewa, pengine bila kupita awali kabisa. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa shule shikizi, ambazo huwapokea wadogo karibu na makazi yao hadi waweze kufika shule mama. Katika madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, madarasa 3,000 yalielekezwa huko.

Uwekezaji mkubwa zaidi kwa awali na msingi ni mradi wa BOOST, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.15. Sehemu kubwa ya fedha zake hutolewa baada ya matokeo yaliyokubaliwa kuthibitishwa, utaratibu unaozibana halmashauri kuonesha kilichofanyika na si kilichopangwa tu.

Ada ilifutwa tangu Januari 2016. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali hutengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 6,000 huenda shuleni moja kwa moja na 4,000 hugharamia vitabu. Sare, madaftari na chakula hubaki kwa mzazi, na hapa ndipo manung'uniko mengi huanzia: neno "bure" lilisikika kuliko maelezo yaliyofuata.

Majengo pekee hayatoshi. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kwa msingi ni mmoja kwa 45. Mzazi anayo haki ya kuiuliza kamati ya shule darasa la mwanawe lina watoto wangapi, na ruzuku iliyopokelewa imetumikaje.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida hufanyika kuanzia Oktoba hadi Desemba katika shule iliyo karibu na makazi.