Kabla ya Safari ya Kitui, Ipime Alteneta Nyumbani

Familia nyingi za pwani zina jamaa Kitui na Makueni, na njia ya kuwazuru ni ndefu. Kutoka Mombasa, gari hupita Voi, likakata nyika ya Tsavo hadi Mtito Andei, kisha Kibwezi, ambako njia ya Kitui huchepuka kuelekea Ikutha na Mutomo. Humo mna masafa marefu yasiyo na fundi wala taa. Gari likizimika hapo usiku, na ndani mna watoto na wazee, hitilafu ndogo hugeuka hatari.

Aghalabu chanzo huwa alteneta, mtambo unaozungushwa kwa mkanda wa injini ili kuzalisha umeme na kuijaza betri. Ikifa, gari halisimami papo hapo, bali hula akiba ya betri. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja hutumia takriban ampea 9. Ukiongeza feni, pampu ya mafuta na mengineyo, matumizi yaweza kufika ampea 20. Betri ya ampea-saa 45, kwa hesabu, itadumu saa mbili na ushei. Iliyochakaa huenda isitimize hata saa moja.

Wengi huilaumu betri. Hununuliwa mpya, gari likawaka siku mbili tatu, kisha hali ikarudi ile ile, na fedha za nyumba zimekwenda. Multimita, yaani mita ndogo ya kupimia umeme, hukata shauri mapema.

Kwanza, vua pete na bangili, kwani madini yakiunganisha ncha za betri huunguza vibaya. Kusanya buibui na mtandio, visije vikanaswa na mkanda. Vuta breki ya mkono, toa gia, na watoto wakae mbali.

Baada ya sala ya Alfajiri, kabla gari halijawashwa, weka mita kwenye herufi V yenye mstari mnyoofu, penye alama ya 20. Waya mwekundu uguse ncha ya kujumlisha, mweusi ya kutoa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12 imekwisha.

Kisha washa injini, upime tena. Alteneta nzima aghalabu huonyesha volti 13.8 hadi 14.5. Namba ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri hailishwi. Ikipita 15, kidhibiti cha umeme kimeharibika, nayo betri itachemka.

Mwisho, washa taa kubwa na feni. Namba isishuke chini ya 13. Baadhi ya magari mapya hupunguza umeme yenyewe kwa muda. Ndiyo sababu kipimo hiki cha tatu kisiachwe.

Namba zikiwa mbaya, usiihukumu alteneta bado. Zima injini, utazame mkanda: uliolegea au kupasuka huzungusha kivivu, na pengine hupiga kelele. Tazama pia ncha za betri, kwani ungaunga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa kutoa kwanza, usafishe kwa maji ya moto na brashi kuukuu, ukaushe, kisha upime upya.

Asitokee mtu wa kuing'oa betri injini ikinguruma eti aijaribu alteneta. Katika magari ya siku hizi, mshtuko wa umeme waweza kuunguza kompyuta ya gari.

Ziandike namba zote tatu, umpelekee fundi. Mwulize kama ni brashi za kaboni au kidhibiti tu, kwa kuwa katika alteneta nyingi hivyo hubadilishwa peke yake, bila kununua mtambo mzima.

Na taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka njiani, zima kiyoyozi na redio, usizime injini, uelekee mji ulio karibu. Lakini kipimo cha joto kikipanda, simama mara moja, kwani huenda mkanda umekatika na maji hayazunguki tena.

Akina mama, haya si ya wanaume pekee. Aliyebeba watoto garini ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua kama gari litafika. Tahadhari kabla ya hatari.