Urea Inayopaa

Msimu wa mpunga unapokaribia, mazungumzo ya mbolea Tanzania huwa ni ya bei. Agosti 2022, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Serikali ilizindua ruzuku iliyoshusha mfuko wa kilo 50 wa urea hadi shilingi 70,000, katika mwaka ambao vita vya Ukraine vilikuwa vimeipandisha bei ya soko hadi ikazidi laki moja na ishirini. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa wakulima wa Mbarali, Kilombero na Kahama, na sioni sababu ya kuibeza. Lakini risiti ya wakala wa pembejeo haisemi mpunga wenyewe umekula kiasi gani cha mbolea hiyo. Kwa zao hili, mbolea ni suala la maji kabla ya kuwa suala la fedha, na tusipolikubali hilo tutaendelea kulipia ruzuku inayoishia hewani.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko mmoja unabeba kilo 23 za kirutubisho hicho. Mkulima akiirusha kwa mkono juu ya maji yaliyotuama, vimeng'enya huigeuza kuwa amonia katika siku chache tu. Jua linapowaka, mwani ulio ndani ya maji hufyonza kabonidioksidi, maji yanageuka kuwa ya kimagadi, na amonia hutoroka ikiwa gesi. Njia ya pili ya upotevu ndiyo inayoyaumiza zaidi mashamba ya mvua: jaluba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta, likikauka, bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti; kisha mvua ikirudi na kulijaza, bakteria wengine, wasiohitaji hewa, huivunja naitreti hiyo ikawa gesi ya naitrojeni, ambayo mpunga hauwezi kuila. Utafiti wa miaka mingi barani Asia umeonyesha kuwa mpunga huambulia takriban theluthi moja tu ya naitrojeni iliyorushwa namna hiyo. Basi katika zile kilo 23, kama 8 ndizo zinazoingia kwenye mmea, na kila kilo iliyoliwa imemgharimu mkulima karibu shilingi 8,750 hata baada ya ruzuku. Mpunga ukiweza kula nusu, gharama hiyo inashuka hadi 6,100 hivi, na Hazina haijaongeza hata senti.

Namna ya kuuwezesha kula nusu inajulikana. Amonia ikiingia kwenye tope hushikwa na chembe za mfinyanzi, ikatulia. Ndiyo maana mabwana shamba husisitiza maji yapunguzwe mpaka tope lionekane, mbolea ya kukuzia irushwe, kisha maji yarudishwe taratibu. Kwa mwenye mfereji na lango lake, hiyo ni kazi ya siku mbili tatu. Ila mpunga mwingi wa nchi hii hulimwa mabondeni kwa kutegemea mvua, na shamba lisilosawazishwa huwa limekauka upande mmoja na kuzama upande mwingine siku hiyo hiyo. Anayelima shamba la aina hiyo na kuikwepa urea wengi humwita mzito wa kubadilika. Mimi naona amepiga hesabu zake sawasawa, hasa ikiwa amepanda mbegu ya Supa, ambayo ni ndefu na ikishiba naitrojeni hulala kabla masuke hayajakomaa. SARO 5 ni fupi na huistahimili mbolea, lakini nayo haina dawa ya jaluba lililokauka.

Nitaambiwa kwamba mifereji ni ghali na huchukua miaka, ilhali mfuko hufika kijijini kwa lori. Ni kweli, na skimu ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ni ushahidi wa pande zote mbili: maji, mbegu fupi na mbolea vilipokutana, mavuno yalipita tani 6 kwa hekta; kisha wakulima wa juu ya mto nao wakapanda mpunga, na maji yakapungua kwa wa chini. Lakini kudhibiti maji si lazima kuanze na zege. Kule Usukumani wakulima wametengeneza majaluba kwa jembe la mkono, tuta kwa tuta, na kuyatega maji yanayoshuka kutoka miinukoni. Tuta la kimo cha goti na udongo uliosawazishwa haviwezi kuleta mvua, ila huizuia iliyokwisha kunyesha isikimbie. Tena shamba lililosawazishwa hulowana lote kwa maji machache, jambo lisilo dogo katika bonde la Usangu, ambako Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990.

Pingamizi la pili ni kwamba mbolea za viwandani zinaua ardhi, heri samadi. Samadi ni njema, na baadhi ya mbolea za dukani, salfeti ya amonia (SA) kwa mfano, kweli huongeza asidi kwenye udongo. Lakini kila tani ya mpunga huondoka na kilo 15 hadi 20 za naitrojeni, na mkulima anayechoma mabua baada ya kuvuna hupoteza karibu naitrojeni yote iliyokuwa imebaki ndani yake. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani Aprili 2021. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaondolewa.

Pingamizi gumu zaidi ni la nguvukazi. Bangladesh wameeneza vidonge vya urea vinavyofukiwa kwenye tope, kina cha sentimita 7 hadi 10, kidonge kimoja kati ya mashina manne, na wakulima wake wameokoa kama theluthi ya mbolea. Lakini huwezi kufukia katikati ya mashina manne pale ambapo mbegu ilimwagwa tu bila mistari, kama wengi wanavyofanya hapa, na vibarua wa kupandikiza ni ghali wakati ambapo kila mtu anawahitaji. Kwa hiyo vidonge vitawafaa kwanza wenye skimu na mistari. Kwa wengine, fedha kidogo ya ruzuku ingefaa ilipie kusawazisha majaluba kabla ya masika, kazi ambayo mfumo wa sasa, unaomsajili mkulima na ekari zake ili auziwe mifuko, hauna fungu lake.