Treni mbili zikipishana: Swali moja la kumsaidia mwanao nyumbani

Maswa. KATIKA nyumba nyingi za Nyalikungu, jioni ni saa ya vyombo, kuku kuingia bandani na watoto kufungua madaftari. Mtoto wa darasa la saba anasoma swali la Hisabati: treni mbili zinakuja zikielekeana, moja ina urefu huu na nyingine ule, je, zitapishana kwa sekunde ngapi? Anamgeukia mama yake. Mama, ambaye aliachana na hesabu za namna hiyo miaka mingi iliyopita, anajibu: "Mwanangu, kesho kamuulize mwalimu."

Mama huyo angeweza kusaidia kuliko anavyodhani. Hahitaji kukumbuka kanuni yoyote. Anahitaji kujua swali moja la kumuuliza mtoto baada ya kupata jibu.

Tatizo la watoto wengi katika hesabu hizi ni kukariri. Wanashika kwamba treni zikielekeana kasi zinajumlishwa, na zikienda upande mmoja kasi zinatolewa. Siku ya mtihani, hofu ikiingia, wanachanganya. Aliyejumlisha mahali pa kutoa hana namna ya kugundua kosa lake, kwa sababu kichwani mwake hakuna treni, kuna namba tu. Akifika sekondari swali lilelile linakuja kwa Kiingereza, na mzigo unakuwa mara mbili.

Anza na treni iliyosimama

Nyalikungu haina reli, lakini Malampaka, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Maswa, kuna stesheni ya reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Reli hiyo ya zamani ni ya njia moja. Treni mbili zinapokutana, moja husubiri kwenye njia ya pembeni ya stesheni mpaka nyingine ipite. Picha hiyo ndiyo ya kumpa mtoto kwanza: treni moja imesimama, nyingine inapita.

Chukua treni ya abiria yenye urefu wa mita 300, inayokwenda kilomita 54 kwa saa. Kwanza kasi igeuzwe iwe mita kwa sekunde. Njia nyepesi ni kukumbuka kwamba kilomita 18 kwa saa ni sawa na mita 5 kwa sekunde. Katika 54 mna 18 tatu, kwa hiyo treni hiyo inakwenda mita 15 kila sekunde.

Ikipita nguzo, inatakiwa kusogea urefu wake tu, mita 300. Gawanya kwa 15, ni sekunde 20. Ikipita daraja la mita 150, haijamaliza mpaka behewa la mwisho litoke darajani, hivyo inasogea mita 450. Hizo ni sekunde 30.

Sasa kwenye njia ya pembeni imesimama treni ya mizigo yenye urefu wa mita 450. Treni ya abiria itasogea urefu wake pamoja na wa mwenzake, mita 750. Gawanya kwa 15, ni sekunde 50. Hii sekunde 50 iandikwe pembeni ya daftari, maana ndiyo kipimo cha majibu yanayofuata.

Tuseme sasa zipo njia mbili sambamba na treni ya mizigo nayo inakwenda, kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Ikija kuelekea treni ya abiria, kila sekunde moja inasogea mita 15 na nyingine mita 10. Kwa pamoja zinamaliza mita 25 kila sekunde. Gawanya 750 kwa 25, ni sekunde 30.

Ikienda upande uleule, treni ya abiria inasogea mita 15 lakini mwenzake anakimbia mita 10. Kinachopatikana ni mita 5 tu kila sekunde. Gawanya 750 kwa 5, ni sekunde 150, au dakika mbili na nusu.

Swali la mzazi

Hapa ndipo mzazi anapoingia. Mtoto akimaliza, aulizwe: "Jibu lako ni kubwa au dogo kuliko la treni iliyosimama?" Anayekuja kukulaki mnamalizana upesi, kwa hiyo jibu lazima liwe chini ya 50. Anayekukimbia unachelewa kumpita, kwa hiyo jibu lazima lizidi 50. Mtoto aliyepata sekunde 30 kwa treni zinazokwenda upande mmoja atajiona mwenyewe kwamba amejumlisha mahali pa kutoa.

Asiyeelewa kwa nini urefu wa treni zote mbili unahesabiwa, apewe mabua mawili ya mtama. Ayapitishe mezani kuanzia vichwa vinapogusana mpaka mikia inapoachana. Aeleze anachokiona kwa Kiswahili au Kisukuma, kwa maneno yake, kabla ya kushika kalamu.

Hesabu inayookoa maisha

Faida yake haiishii kwenye mtihani. Basi la mita 12 linalokwenda kilomita 72 kwa saa linataka kulipita lori la mita 18 linalokwenda kilomita 54. Tofauti ni kilomita 18, yaani mita 5 kwa sekunde. Kumaliza mita 30 kunachukua sekunde 6. Katika sekunde hizo basi limekata mita 120 za barabara, na gari linalokuja mbele kwa kasi kama ya basi limekata nyingine 120. Hizo ni mita 240, bila kuhesabu nafasi ya kutoka nyuma ya lori na ya kurudi upande wake. Kijana atakayeshika bodaboda kesho anafaa kuijua hesabu hii leo.

Reli nayo inabadilika. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, imesanifiwa kwa treni za abiria za hadi kilomita 160 kwa saa. Treni ya kilomita 54 ikiwa umbali wa nusu kilomita, inafika ulipo baada ya sekunde 33 hivi. Ile ya kilomita 160 inafika kwa sekunde 11. Mazoea ya kukadiria kwa macho, "bado iko mbali", hayatoshi tena kwa mtoto anayechunga ng'ombe jirani na reli.

Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha kwa swali moja kama hili. Mzazi asiyejua kugawanya anaweza kushika bua moja, mtoto akashika la pili, na wote wawili wakahesabu.