Seva Ikigoma Ndia Kuu

Chukua ofisi ya ghorofa ya kwanza pale Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa: kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na seva iliyosukumwa chini ya ngazi ikiwa imebeba ankara na picha za wateja. Asubuhi folda haifunguki. Windows inatoa msimbo 0x80070035, kwamba njia ya mtandao haikuonekana, basi. Msimbo huo hutokea seva ikiwa imezimwa, hutokea ukuta-moto ukiwa umefunga, na hutokea pia mashine mbili zisipoelewana toleo la itifaki. Fundi akikosa subira, dawa yake ni kununua seva mpya.

Kabla ya kutoa pesa, iulize seva yenyewe. Chombo cha kuiulizia ni smbclient, programu isiyo na picha wala vitufe: unaandika amri, inakujibu kwa maandishi. Imo katika Samba, mradi ulioanzishwa na Andrew Tridgell akiwa mwanafunzi huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili mashine zisizo za Windows ziweze kuzungumza SMB, itifaki ambayo Windows hugawania faili. Kwenye Ubuntu huwekwa kwa amri ya sudo apt install smbclient, bila malipo. Mwenye Windows peke yake anaweza kuitia Ubuntu ndani yake kwa WSL.

Swali la kwanza huwa hili:

smbclient -L //192.168.1.20 -N

Namba hizo ni anwani ya seva. Herufi -L huomba orodha ya folda zinazogawiwa, na -N husema hatutoi nywila. Orodha ikija, usidhani umeshaingia. Mgeni hukaribishwa barazani akanywa kahawa yake na ndani asitie mguu. Lakini umeshajua mengi: seva iko hai, waya unapitisha, na lango la 445, ambalo SMB hupitia, liko wazi. Hata ukijibiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED, aliyekukatalia yupo. Na ule mstari wa mwisho unaosema SMB1 disabled usikutishe: ni smbclient yako tu inayosema haitumii SMB1, toleo kongwe la itifaki hiyo.

Orodha isipokuja, soma kosa neno kwa neno. NT_STATUS_CONNECTION_REFUSED maana yake mashine inawaka ila huduma ya Samba haikuamka, jambo la kawaida stima ikikatika usiku na kurudi. NT_STATUS_HOST_UNREACHABLE au NT_STATUS_IO_TIMEOUT ni kimya: anwani imebadilika, waya umechomoka, au ukuta-moto unameza maombi bila kujibu. Kwa majumba yetu ongeza mshukiwa mwingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na waifai inayofika vizuri sebuleni huweza kufa chumba cha pili. Rudia amri ileile ukiwa umechomeka waya kwenye swichi. Ikijibu papo hapo, seva haina kosa.

Swali la pili hutaja folda na mtumiaji:

smbclient //192.168.1.20/picha -U karani

NT_STATUS_LOGON_FAILURE ni jina au nywila. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME ni folda isiyokuwepo kwa jina hilo, na mara nyingi ni tahajia tu. Ukiona smb: \> umeingia. Nywila usiiandike kwenye mstari wa amri, kwani itabaki kwenye kumbukumbu ya amri ulizoandika. Acha programu ikuulize.

Wengi wakishaandika ls na kuona faili zao hufunga wakaondoka, na hapo ndipo jaribio linapoharibika. Kusoma si kuandika. Andika put jaribio.txt. Ukipata NT_STATUS_ACCESS_DENIED ilhali ls ilikubali, angalia pande mbili: Samba ina ruhusa zake, na folda yenyewe kwenye diski ina zake. Zote mbili sharti zikubali. Diski iliyojaa nayo hujitaja: NT_STATUS_DISK_FULL.

Kisha vuta faili kubwa, la megabaiti mia kadhaa, kwa get. Mwishoni smbclient huchapa kasi kwa kilobaiti kwa sekunde. Ukiona kama 11,000 kwenye mtandao uliouziwa kuwa wa gigabiti, waya unakwenda kwa megabiti 100. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyuzi, ilhali megabiti 100 hutosheka na mbili. Hewa ya bahari ikishakula pini za kichwa cha waya, jozi moja hufa na mashine hushusha kasi kimyakimya. Kichwa kipya ni senti kidogo mbele ya bei ya seva.

Liko jaribio moja zaidi, na hili unataka likatae:

smbclient -L //192.168.1.20 -N -m NT1 --option='client min protocol=NT1'

Hapa unaomba kuhudumiwa kwa SMB1, toleo kongwe ambalo WannaCry ilipitia Mei 2017 na kukwamisha hata hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi mwaka huohuo. Samba yenyewe ililizima toleo hili kwenye mipangilio yake ya kawaida mwaka 2019. Likikubali kwako, mtafute aliyeliwasha. Dau langu ni mashine ya fotokopi ya zamani, ambayo haijui kupeleka skani kwenye folda kwa njia nyingine. Ipeleke skani kwa barua pepe au kwenye flashi, SMB1 uifunge.

Hakikisha pia kwamba anwani ni ya seva yako. Jengo moja huweza kuwa na ofisi tatu zinazochangia ruta, na namba moja ikikosewa unagonga kwa jirani. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inamtoza anayeingia makusudi kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Andika anwani kwenye kipande cha karatasi, ukibandike juu ya seva. Na ukiitwa kupima ya mtu mwingine, pata idhini yake kwa maandishi kwanza.